Shuka za Mama Mkwe na Maji Yaliyokataa Sabuni

Kila siku ya kufua, mshonaji alikuwa wa kwanza kuamka nyumbani. Aliwasha jiko, akabandika birika, kisha akatoa mabeseni mawili uani. Katika beseni la kwanza alitia nguo za watoto wake wawili. Katika la pili alitia shuka mbili nyeupe za mama mkwe, wala hakuzichanganya na kitu kingine.

Shuka hizo hazikununuliwa dukani. Alizishona mwenyewe kwa cherehani yake, wakati mama mkwe alipokubali kuacha kuishi peke yake na kuja kukaa na mwanawe. Pembeni alizitarizia majani madogo kwa uzi mweupe, kazi ya kuumiza macho na mgongo. Mama mkwe alizipokea kwa mikono miwili, akazipapasa, akauliza, "Hizi ni za kulalia au za kutundika ukutani?"

Mama huyo hakuwa mwepesi wa kusifu. Kwake, swali hilo lilikuwa hotuba nzima.

Tangu wakati huo walikuwa wamehamia nyumba mpya, nje kidogo ya mji. Maji yake yalitoka katika kisima kirefu cha mtaa, yakapanda tangini, yakashuka bombani. Yalikuwa maangavu. Yalikuwa yamepimwa pia, na wapimaji walisema hayana vijidudu. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hayakupatana na sabuni.

Mshonaji alitia sabuni ya unga katika beseni la shuka, akavuruga. Povu halikutoka. Juu ya maji ulielea utando wa kijivu, kama maziwa yaliyokatika. Alitazama mlangoni kuhakikisha kwamba haonekani, akaongeza konzi nyingine ya sabuni. Kisha akaongeza nyingine.

Alifikicha, akakamua, akasuuza, akaanika. Jua lilipopanda, shuka zilikuwa zimekauka, lakini zilikuwa zimekakamaa kama ubao. Weupe wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu.

"Nitazipiga pasi," alijisemea, akaingia ndani kukata kitambaa cha mteja.

Dirisha la chumba chake cha kushonea lilitazama uani. Alipoinua macho kutafuta mkasi, alimwona mama mkwe akienda kwenye kamba. Mama alitazama huku na huku. Alitoa vibanio, akaichukua shuka moja, akaitia katika ndoo, akaanza kuisuuza upya.

Uso wa mshonaji ulipata moto. Mama mkwe anarudia kufua shuka alizozifua yeye. Tena anafanya hivyo kwa siri.

Alijikaza kisabuni, akaendelea kukata. Lakini wiki iliyofuata aliongeza sabuni zaidi. Mama mkwe naye, kila alipodhani haonekani, alizidi kusuuza. Nazo shuka zilizidi kuwa ngumu.

Mume wa mshonaji alikuwa fundi baiskeli. Mafundi wenzake walimwita Mzee wa Vifaa, kwa sababu hakuweza kulipita duka lenye kifaa kipya bila kuingia. Asubuhi moja alitoka kuoga akiwa anapapasa shavu lake.

"Mke wangu, hili ni taulo au msasa?"

"Ni taulo. Nalifua kila wiki."

"Sikusema hulifui. Nimeuliza tu, maana ngozi ya shavu nimeiacha huko bafuni."

Siku hiyo hiyo alirudi na sumaku mbili nzito na mshipi wa kuzifunga kwenye bomba.

"Mwenye duka amesema maji yakipita hapa, yanalainika," alieleza akiwa anazikaza. "Hazihitaji umeme. Hazihitaji kitu chochote."

Baada ya wiki mbili, birika lilikuwa bado na magamba meupe, na nguo zilikuwa vile vile. Mama mkwe alilisogelea bomba, akalichunguza kwa makini.

"Labda maji hayajaambiwa kuwa kuna sumaku," alisema.

Watoto walicheka mpaka wakashika matumbo. Mshonaji pia alicheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Lakini kicheko hicho hakikudumu.

Jumamosi, alipokuwa akifagia chumba cha mama mkwe, aliona kwamba kitanda kimetandikwa shuka kuukuu ya mistari. Shuka nyeupe hazikuwapo kitandani. Hazikuwapo kwenye kamba wala katika nguo chafu.

"Mama, zile shuka ziko wapi?"

"Nimeziweka," mama mkwe alijibu bila kumtazama.

Jioni, familia ilipokuwa ikinywa chai, mama mkwe alishusha kikombe chake mezani.

"Mwanangu," alimwambia fundi baiskeli, "nafikiri niende nikakae kwa dada yako kidogo."

Fundi baiskeli aliacha kutafuna mkate. "Kidogo cha namna gani, Mama?"

"Kidogo cha kawaida. Mpaka mnikumbuke."

"Mimi nimeshakukumbuka. Basi kaa."

"Usinifanyie utani. Nimeshazungumza naye. Atakuja kunichukua mwisho wa mwezi."

Begi lake la kahawia liliteremshwa kutoka juu ya kabati, likawekwa karibu na mlango. Tangu siku hiyo, mshonaji hakuweza kupita ukumbini bila kuliona. Mama yake mzazi alikuwa amefariki zamani. Alikuwa amezoea kumsikia mama huyu akikohoa asubuhi, akigombeza redio, akiwafunga watoto viatu. Sasa anaondoka, na bila shaka sababu ni mikono ya mkwewe isiyojua kufua.

"Mmegombana?" mumewe alimwuliza walipobaki wawili.

"Hatujagombana. Afadhali tungegombana, ningejua la kuomba radhi."

Mambo yakiwa hivyo, bomba la jikoni nalo likaanza kutoa maji kama uzi. Katika nyumba ya jirani aliishi mama mmoja, fundi bomba, mcheshi, mwenye mikono yenye nguvu. Yeye na mshonaji walipendana kama ndugu, na kwa hiyo fundi baiskeli alimwita shemeji.

Fundi bomba alikuja na mfuko wake wa vyombo. Alifungua kichwa cha bomba, akakigonga juu ya kiganja. Vipande vyeupe vilianguka kama maganda ya yai.

"Mnayaona haya?" aliuliza. "Ni madini ya chokaa. Maji yenu ni magumu." Kisha macho yake yaliangukia sumaku. "Na hizi ni za nani?"

"Usiniulize mimi," alisema mama mkwe. "Muulize shemeji yako."

"Shemeji," fundi bomba alisema, "nakujua unavyopenda vifaa. Hizi zirudishe karakana, zitakuokotea misumari sakafuni. Mtaa huu nimefungua mabomba mengi yenye sumaku, na magamba nimeyakuta yale yale. Haziyatoi madini majini."

"Mwenye duka aliniapia," fundi baiskeli alilalamika.

"Aliapa kwa sababu anauza. Nileteeni chupa mbili tupu, nasi tutayauliza maji yenyewe."

Mshonaji alileta chupa mbili za plastiki zinazolingana. Fundi bomba alijaza ya kwanza nusu kwa maji ya bomba. Ya pili aliijaza nusu kwa maji ya mvua kutoka katika pipa lililokuwa chini ya paa. Kila chupa aliitia matone machache ya sabuni ya maji, akazifunga. Moja alimpa mshonaji, nyingine mama mkwe.

"Tikiseni. Kwa nguvu, Mama, kama unayemkaripia shemeji yangu."

Walitikisa. Chupa ya maji ya mvua, aliyoishika mama mkwe, ilijaa povu hadi shingoni. Chupa ya maji ya bomba, aliyoishika mshonaji, haikuwa na povu. Ilikuwa na ukungu wa kijivu tu.

"Sabuni ni ile ile," alisema fundi bomba. "Tofauti ni maji. Maji ya kisima chenu hupita katika mawe ardhini, na njiani huyayeyusha madini. Ukitia sabuni, madini huikamata kabla haijagusa uchafu. Ndiyo maana povu halitoki. Sabuni na madini vikishikana hufanya huu utando, nao huganda katika nyuzi za nguo. Nguo ikikauka, inakuwa ngumu na ya kijivu."

"Na mtu akiongeza sabuni?" mshonaji aliuliza kwa sauti ndogo.

"Anaongeza utando."

"Na mtu akisuuza tena na tena?" aliuliza mama mkwe.

"Akisuuza kwa maji hayo hayo? Anaongeza madini. Nyumba ambamo mmoja anazidisha sabuni na mwingine anazidisha kusuuza, nguo zake zitasimama zenyewe bila mtu ndani."

Mshonaji aliitazama chupa yake. Mama mkwe aliitazama yake.

"Nilikuwa nikiongeza konzi za sabuni," mshonaji alisema hatimaye. "Nilikuona dirishani, Mama. Nilikuona ukizifua upya shuka nilizozifua. Nikadhani huridhiki na kazi yangu."

"Mimi?" Mama mkwe aliweka chupa mezani. "Mwanangu, nilidhani umechoka. Unashona mchana kutwa, halafu unanifulia mimi. Nikasema, mikono yake haina nguvu tena ya kusuuza, ngoja nimsaidie asijue, asije akaona haya. Ngozi iliniwasha, nikadhani ni sabuni iliyobaki. Nikawa nasuuza."

"Basi shuka ziko wapi?"

Mama mkwe alikwenda chumbani, akarudi na kifurushi kilichofungwa kwa karatasi safi. Alikifungua taratibu. Ndani zilikuwamo shuka mbili, zimekunjwa, majani ya uzi mweupe yametazama juu.

"Niliona zinakufa," alisema. "Kila zikifuliwa zinazidi kukatika pembeni. Nikaona nizifiche zisiharibike kabisa. Nami nikaona niende kwa binti yangu, mpungukiwe na mtu mmoja wa kufuliwa."

Mshonaji alimshika mama mkwe mkono, naye mama hakuutoa.

Fundi baiskeli alijikohoza. "Kwa hiyo begi nilirudishe juu ya kabati?"

"Liache hapo hapo," alisema mama mkwe, ambaye hakupenda kushindwa upesi. "Nitaona shuka moja ikilainika, ndipo nitaamua. Mwisho wa mwezi haujafika."

"Basi tutafute mashine ya kulainisha maji," alisema fundi bomba. "Lakini hatuendi dukani kabla ya kupima. Asiyepima huuziwa chochote."

Alitoa mfukoni vichupa viwili vya dawa ya kupimia. Alichota maji ya bomba katika kikombe kidogo, akatia dawa ya kwanza, na maji yakawa mekundu. Kisha alidondosha dawa ya pili, tone baada ya tone, huku watoto wakihesabu. Maji yalipogeuka buluu, aliacha kudondosha.

"Matone yakiwa machache, maji ni laini. Haya yenu yamekunywa matone mengi. Ni magumu sana. Sasa niambieni: mko watu wangapi?"

"Watano," alijibu fundi baiskeli, "Mama akikaa."

"Hesabu watano," alisema mshonaji.

Dukani walikwenda wanne. Fundi baiskeli alisema mama yake angeweza kupumzika nyumbani.

"Anayewashwa ni mimi," alisema mama mkwe. "Nitakwenda kuiona kwa macho yangu."

Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu. Aliwaonyesha kwanza chombo kidogo kinachong'aa. "Hiki ni bora. Kinasafisha maji yote."

"Hilo ni chujio," fundi bomba aliwaeleza wenzake. "Linazuia mchanga na takataka. Madini ya chokaa yameyeyuka majini kama sukari katika chai. Je, mtu anaweza kuichuja sukari kutoka katika chai?"

"Hawezi," alisema mama mkwe. "Twende kwenye kingine."

Fundi baiskeli alikuwa ameshasimama mbele ya mashine kubwa kuliko zote. Aliizunguka kama anayenunua gari.

"Shemeji, hiyo ni ya hoteli," fundi bomba alimwita. "Kubwa mno si sifa. Maji yatakaa ndani muda mrefu bila kutumika. Ndogo mno nayo itajisafisha kila mara, ipoteze maji bure. Tunachagua kwa ugumu wa maji na wingi wa watu, si kwa kung'aa."

Walisimama mbele ya mashine ya kadiri, yenye tangi refu na pipa fupi ubavuni.

"Inafanyaje kazi?" mshonaji aliuliza.

"Ndani ya tangi refu zimo punje ndogo ndogo. Maji yakipita, punje huyanasa madini ya chokaa. Zikijaa, mashine huzisafisha kwa maji ya chumvi kutoka katika hili pipa. Uchafu unatoka kwa bomba la taka, kisha punje zinaanza upya."

"Chumvi?" Mama mkwe alikunja uso. "Mimi natumia dawa za shinikizo la damu. Daktari amenikataza chumvi. Na chai yangu je?"

"Umeuliza swali zuri, Mama. Chumvi nyingi hutoka na maji taka, lakini maji laini hubaki na sodiamu kiasi, ile iliyomo katika chumvi. Kwa hiyo bomba moja jikoni tutaliacha nje ya mashine. Hilo litakuwa la kunywa na kupikia. La kumwagilia mboga pia tutaliacha nje. Wewe mwambie daktari wako tu kwamba nyumbani kuna mashine hii."

"Na ya kunywa, tutaacha kuyachemsha?" aliuliza fundi baiskeli.

"Msiache. Mashine hii haiui vijidudu, inalainisha maji tu. Mnavyoyatibu ya kunywa leo, endeleeni hivyo hivyo."

Fundi bomba alimgeukia muuzaji, akamwuliza maswali mfululizo. Je, mashine inajisafisha kwa saa, au kwa kadiri ya maji yaliyopita? Umeme ukikatika, inasahau ilivyopangwa? Ina koki ya kuyapitisha maji pembeni wakati wa matengenezo? Vipuri vyake vinapatikana hapa mjini? Muuzaji alijibu, na pale asipojua alifungua kitabu cha maelezo, akatafuta. Fundi bomba alimsifu kwa kutobahatisha.

Walichagua ile inayojisafisha kwa kadiri ya maji yaliyotumika. Pamoja nayo walichukua mfuko wa vidonge vya chumvi vya mashine.

"Kwa nini tusitumie ya mezani?" fundi baiskeli aliuliza.

"Hiyo ni ya unga, itaganda chini ya pipa. Tumia hii, na kila mwezi funua pipa uangalie. Chumvi ikipungua, ongeza. Chumvi ikiisha, mashine inabaki pambo."

"Hiyo kazi nipeni mimi," alisema mama mkwe. Kisha akakumbuka begi lake mlangoni, akaongeza, "Kama nitakuwapo."

Fundi bomba aliifunga mashine kivulini, karibu na mfereji wa maji taka, kwenye bomba kuu linaloingia ndani. Aliiweka kabla ya hita ya maji, ili hita nayo isiote magamba. Kisha aliwaonyesha namna ya kulisafisha birika: siki kidogo, maji ya moto, subira, na kusuuza vizuri. "Siki msiichanganye kamwe na dawa ya kung'arisha nguo," aliwaonya. "Hutoa hewa ya sumu."

"Na majirani wasio na mashine?" mshonaji aliuliza.

"Wakinge maji ya mvua ya kufulia. Au watie magadi ya kufulia kidogo katika beseni kabla ya sabuni. Si sawa na mashine, lakini husaidia."

Siku ya kufua iliyofuata, mshonaji alitoa mabeseni yake. Mkono wake ulikuwa umezoea konzi nne, nao ulitia nne kabla hajafikiri. Alivuruga. Povu lilipanda, likavuka ukingo, likatiririka uani. Watoto waliingia ndani yake kwa miguu yote miwili.

"Mwanangu," mama mkwe aliita kutoka mlangoni, "unafua au unaoga na mtaa mzima?"

"Nimesahau kupunguza, Mama."

"Nimeona. Na kuku wa jirani ameona."

Walicheka wote wawili huku wakisuuza, kila mmoja ameshika ncha moja ya shuka. Shuka hazikubadilika kwa siku moja. Utando wa muda mrefu hutoka polepole. Lakini kila zilipofuliwa kwa sabuni kidogo, zililegea zaidi, na kijivu kikafifia. Ngozi ya mama mkwe nayo ilitulia kiasi. Fundi bomba alikuwa amemwambia wazi kwamba mashine si dawa, hivyo hakuacha kujipaka mafuta wala kwenda zahanati.

Mwisho wa mwezi ulifika. Mshonaji alikuwa dirishani na kitambaa mkononi alipomwona mama mkwe akienda kwenye kamba. Mama hakutazama huku na huku. Alizishika shuka, akaziweka shavuni, akasimama hivyo kwa kitambo. Kisha alizitoa, zote mbili. Mshonaji alishusha mkasi. Ndoo ilikuwa pale pale kando ya kamba.

Mama mkwe aliipita ndoo. Aliingia chumbani mwake, na mara ukasikika mlio wa kitanda kinachosogezwa ili kitandikwe vizuri.

Simu ya fundi baiskeli iliita ukumbini. Alikuwa dada yake.

"Mama, dada anauliza aje saa ngapi kukuchukua."

"Mwambie nina pipa la chumvi la kuangalia," mama mkwe alijibu akiwa anakunja pembe ya shuka. "Aje tu, tumemkumbuka. Na aje na nguo zake za kufua. Begi la kuzibebea lipo hapo mlangoni, mpelekee; mimi silihitaji tena."